Kambale Mweupe katika Tangi la Kioo: Somo kuhusu Urithi wa Ualbino

Utangulizi

Mtoto mwenye ualbino anapozaliwa na wazazi wawili wenye ngozi nyeusi, swali la kwanza linaloulizwa wodini mara nyingi halihusu afya yake bali asili yake: "Huyu ametoka wapi?" Swali hilo huelekezwa kwa mama. Ndugu wa mume hunong'ona, baba hunyamaza, na mama ambaye hata uchovu wa uchungu haujamtoka hujikuta akitakiwa kujitetea. Mkunga aliyepo hapo ana dakika chache tu za kutoa maelezo. Maelezo hayo yanaweza kuamua iwapo mama atarudi nyumbani kwake na mumewe au atarudishwa kwa wazazi wake.

Sayansi ya urithi inalo jibu lililo wazi. Ugumu uliopo ni namna ya kulieleza kwa mtu asiyewahi kuona jeni wala kromosomu. Makala haya yanalieleza jibu hilo kwa kupitia kiumbe ambaye urithi wake wa rangi unaweza kutazamwa kwa macho: kambale wa mapambo anayefugwa katika tangi la kioo, yaani akwaria. Yameandikwa kwa ajili ya watoa huduma za afya, na pia kwa ajili ya watu wenye ualbino na familia zao.

Samaki wanaozungumziwa

Kambale ni kundi kubwa la samaki lenye spishi zaidi ya 3,000 duniani. Wakazi wa Afrika Mashariki wanamfahamu zaidi Clarias gariepinus, yule kambale wa mitoni, maziwani na mabwawani, mwenye sharubu ndefu na ngozi isiyo na magamba. Wafugaji wa samaki wa mapambo wanawapenda zaidi ndugu zake wadogo. Mmojawapo ni Corydoras aeneus wa Amerika ya Kusini, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1858 kutokana na samaki wa kisiwa cha Trinidad. Mwingine ni Clarias batrachus wa Asia ya Kusini-Mashariki, anayeweza kuvuta hewa na kujiburuta nchi kavu kutoka dimbwi moja hadi jingine.

Spishi hizi mbili huuzwa madukani katika rangi ya asili, ambayo ni ya kahawia au ya kijivu, na pia katika aina nyeupe yenye kuelekea waridi na macho mekundu. Hao weupe ni samaki wenye ualbino. Wekundu wa macho yao hutokana na damu inayoonekana nyuma ya jicho, mahali ambapo kwa kawaida rangi nyeusi ingeifunika.

Kwa mwanafunzi anayeanza utafiti wa urithi, samaki wa aina hii ni mwalimu mzuri. Mayai hurutubishwa na kukua nje ya mwili wa mama, na kambale wa Corydoras huyabandika kwenye kioo ambapo yanaweza kuhesabiwa. Vifaranga hutoka baada ya siku chache, huwa wengi kwa mara moja, na rangi yao huonekana bila darubini kubwa. Jambo ambalo katika familia ya binadamu lingehitaji vizazi vitatu na miaka 60, katika tangi laweza kufuatiliwa kwa muda mfupi sana.

Rangi hutengenezwa vipi

Samaki na binadamu hutumia rangi ileile ya asili inayoitwa melanini. Rangi hii hutengenezwa ndani ya seli maalumu, katika vifuko vidogo sana. Kazi hiyo huanzishwa na kimeng'enya kiitwacho tairosinesi. Protini nyingine husaidia; mojawapo, inayotokana na jeni ya OCA2, hudhibiti hali ya tindikali ndani ya vifuko hivyo ili tairosinesi iweze kufanya kazi yake. Kiwanda cha melanini kwa hiyo kina wafanyakazi kadhaa, na kila mmoja ana jeni inayompa maelekezo.

Katika ualbino seli za rangi zipo, na hesabu yake ni ya kawaida. Kinachokosekana ni uwezo wa seli hizo kutengeneza melanini ya kutosha, kwa sababu jeni ya mfanyakazi mmoja ina hitilafu. Mtu mwenye ualbino hajapungukiwa damu, hajaambukizwa ugonjwa, wala hakubadilishwa rangi na kitu ambacho mama alikila au alikiona wakati wa ujauzito. Maelekezo ya kutengeneza rangi yalikuwa hivyo tangu siku yai na mbegu vilipokutana.

Kwamba maelekezo ya samaki na ya binadamu yanafanana si dhana tu. Mwaka 2005 watafiti walioongozwa na Keith Cheng wa Marekani walichapisha uchunguzi wao kuhusu samaki mwingine wa akwaria, yule mdogo mwenye mistari kama ya pundamilia. Aina moja ya samaki huyo ina rangi hafifu ya dhahabu kwa sababu ya hitilafu katika jeni moja. Watafiti walipoingiza katika viinitete vyake ujumbe wa jeni hiyo kutoka kwa binadamu, viinitete vilianza kutengeneza rangi nyeusi. Samaki aliweza kuyasoma maelekezo ya binadamu.

Majaribio matatu ya tangini

Kila samaki, kama ilivyo kwa kila binadamu, hupokea nakala mbili za jeni ya rangi: moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Nakala moja nzima hutosha kuendesha kiwanda cha melanini. Kwa sababu hiyo hitilafu ya ualbino huitwa fifi: athari yake hufichika iwapo kando yake ipo nakala nzima. Uzalishaji wa Ictalurus punctatus, kambale wa Amerika ya Kaskazini anayefugwa kwa chakula na kwa mapambo, umeonyesha kwamba ualbino wake hurithiwa kwa njia hii. Mwanafunzi anaweza kuielewa kwa kufuata majaribio matatu.

Katika jaribio la kwanza, kambale mweupe anawekwa pamoja na kambale wa rangi ya asili ambaye ukoo wake hauna ualbino. Vifaranga wote wanatoka na rangi ya asili. Mtazamaji asiyejua angesema kwamba ualbino umetoweka. Haukutoweka. Kila kifaranga amebeba nakala moja nzima na nakala moja yenye hitilafu. Samaki wa namna hii huitwa mbebaji, na hakuna jicho linaloweza kumtofautisha na samaki ambaye hana hitilafu yoyote.

Katika jaribio la pili, wabebaji wawili kutoka uzao huo wanakutanishwa. Wote wawili wana rangi nyeusi au kahawia, tena wana afya njema. Hata hivyo, takriban robo ya vifaranga wao wanatoka weupe. Kwenye mayai 200, watakuwa karibu 50. Samaki dume ametoa mchango wake na samaki jike ametoa wake. Kama mmoja wao asingekuwa mbebaji, kifaranga mweupe hata mmoja asingepatikana. Jaribio hili ndilo linalotokea katika nyumba nyingi ambamo wazazi wawili weusi wanapata mtoto mwenye ualbino.

Katika jaribio la tatu, mbebaji anakutanishwa na kambale mweupe. Takriban nusu ya vifaranga ni weupe, na nusu nyingine ni wabebaji wenye rangi.

Uangalifu unahitajika katika kuhamisha hesabu hizi kwenda kwa binadamu. Robo ya mayai 200 huonekana wazi, lakini familia ya binadamu ina watoto wachache. Kwa wazazi ambao wote ni wabebaji, kila ujauzito una uwezekano ule ule wa 1 kati ya 4, kama vile sarafu isivyokumbuka ilivyoanguka mara ya mwisho. Wazazi kama hao wakipata watoto wanne, wapo takriban 32 kati ya kila jozi 100 ambao hawatapata mtoto hata mmoja mwenye ualbino, na wapo wengine watakaopata wawili au watatu. Mzazi asiambiwe kamwe kwamba "huyu ameshazaliwa, sasa watatu wanaofuata watakuwa salama." Maneno hayo si ya kweli, na mtoto wa pili mwenye ualbino akizaliwa, familia haitamwamini tena mtaalamu.

Ipo pia tahadhari ya pili inayohusu samaki wenyewe. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya ukoo wa Corydoras uliothibitisha kwamba katika baadhi ya matawi yake seti nzima ya vinasaba ilijirudufisha zamani, hata samaki wengine wakawa na nakala nyingi kuliko mbili. Katika matawi hayo hesabu ya robo na nusu inaweza isitimie. Mwanafunzi makini huanza kwa kuujua ukoo wa samaki wake kabla ya kuhesabu vifaranga.

Wazazi wawili weupe, watoto wenye rangi

Swali moja huwashangaza hata baadhi ya watoa huduma: je, watu wawili wenye ualbino wakioana, watoto wao wote watakuwa na ualbino? Mara nyingi jibu ni ndiyo, kwa sababu mara nyingi hitilafu za wazazi hao zipo katika jeni moja. Lakini kiwanda cha melanini kina wafanyakazi kadhaa. Ikiwa baba ana hitilafu katika jeni ya tairosinesi na mama ana hitilafu katika jeni ya OCA2, mtoto atapokea kwa baba nakala nzima ya OCA2, na kwa mama nakala nzima ya tairosinesi. Kiwanda kitafanya kazi, na mtoto atakuwa na rangi.

Jambo hili limeonekana kwa binadamu. Mwaka 1952 daktari wa macho wa Uingereza, Trevor-Roper, alichapisha taarifa ya mke na mume ambao wote walikuwa na ualbino, na watoto wao walikuwa na rangi ya kawaida. Taarifa hiyo ilisaidia kuonyesha kwamba ualbino si hali moja bali ni kundi la hali zinazofanana kwa nje. Mke wa namna hiyo akipata mtoto mwenye rangi hastahili kutiliwa shaka, kama vile mama mweusi anayepata mtoto mwenye ualbino asivyostahili.

Samaki wa akwaria wameonyesha pia upande wa pili. Wapo samaki wa Meksiko waishio katika mapango yenye giza, ambao hawana macho wala rangi. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba samaki wa mapango tofauti walipoteza rangi kila kundi kwa wakati wake, kwa mapungufu tofauti, lakini katika jeni ileile: Oca2. Samaki weupe wa pango moja wakizaa na weupe wa pango jingine, vifaranga wao ni weupe, kwa kuwa mfanyakazi anayekosekana ni yuleyule kwa pande zote mbili.

Kutoka tangini hadi Tanzania

Jeni hiyo ya samaki wa mapangoni ndiyo inayohusika zaidi na ualbino katika Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 1995 ulichapishwa uchunguzi uliofanyika kwa watu wenye ualbino wa Tanzania, nao ulionyesha kwamba upungufu mmoja katika jeni ya OCA2 ulijitokeza mara kwa mara: kipande chenye urefu wa herufi za vinasaba zipatazo 2,700 kilikuwa kimekosekana. Upungufu huohuo umeonekana kwa watu wa nchi nyingine za Afrika na kwa watu wa asili ya Afrika walioko Marekani. Kuenea huko ni dalili kwamba ni badiliko la kale, lililosafiri pamoja na watu kizazi baada ya kizazi. Ni sehemu ya historia ya wakazi wote wa eneo hili, wala si la ukoo fulani wenye laana.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu 1 mwenye ualbino kati ya watu 1,400, ilhali katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini hutajwa 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Kutokana na kadirio hilo la Tanzania, hesabu rahisi ya urithi huonyesha jambo ambalo wengi hawalitarajii. Ili ualbino utokee kwa mtu 1 kati ya 1,400, ni lazima nakala yenye hitilafu iwe takriban 1 kati ya kila nakala 37. Na kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili, takriban mtu 1 kati ya 19 ni mbebaji. Katika daladala iliyojaa abiria, katika kwaya, katika chumba cha mkutano cha hospitali, mara nyingi yumo mbebaji mmoja au zaidi, naye hajui.

Hesabu hii ina maana kubwa katika ushauri. Kwanza, wazazi wa mtoto mwenye ualbino si lazima wawe ndugu wa damu. Ndoa za ndugu huongeza uwezekano, lakini wabebaji ni wengi kiasi kwamba watu wa makabila mawili tofauti wanaweza kukutana wote wakiwa wabebaji. Pili, kijana mwenye ualbino anayetaka kuoa au kuolewa na mtu asiye na historia ya ualbino katika ukoo anaweza kuelezwa kwamba uwezekano wa kila mtoto wao kuwa na ualbino ni takriban 1 kati ya 38. Tatu, ndugu wa tumbo moja wa mtu mwenye ualbino, ambaye yeye mwenyewe ana rangi, ana uwezekano wa 2 kati ya 3 wa kuwa mbebaji.

Ieleweke pia kwamba ipo aina ya nadra ya ualbino inayoathiri macho peke yake, ambayo hupitia kwa mama mbebaji na kujitokeza zaidi kwa watoto wa kiume. Vilevile zipo aina nadra zinazoandamana na kutokwa damu kwa urahisi au na maambukizi ya mara kwa mara. Mtoto mwenye ualbino anayepata michubuko au damu ya pua isiyo ya kawaida apelekwe kwa daktari kabla ya kufanyiwa upasuaji wowote, ukiwemo tohara na kung'olewa jino.

Kilichowapata kambale weupe wa Florida

Katika miaka ya 1960 wafanyabiashara wa samaki wa mapambo waliwaingiza kambale wa Clarias batrachus katika jimbo la Florida, Marekani. Wengi wao walikuwa weupe, kwa kuwa weupe ndio waliopendwa na wateja. Baadhi walitoroka kutoka mabwawa ya wafugaji, wakaenea katika mifereji na vinamasi. Samaki hao wapo Florida hadi leo, lakini karibu wote ni weusi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba ndege wala samaki waliwaona weupe kwa urahisi na kuwamaliza.

Wazo moja la kitabibu limo katika kisa hiki. Ndani ya tangi, kambale mweupe alikuwa anakula, anakua na anazaa. Jeni yake haikubadilika siku alipotoroka. Kilichobadilika ni mazingira. Kwa binadamu mwenye ualbino, hatari kubwa inayotoka katika mazingira ni jua. Melanini ni mwavuli wa ngozi. Bila mwavuli huo, miale ya jua huharibu vinasaba vya seli za ngozi siku baada ya siku, na saratani ya ngozi inaweza kujitokeza mapema, hata katika umri wa ujana. Saratani hiyo si sehemu ya ualbino. Hutokana na jua, na kwa sehemu kubwa inazuilika.

Kinga huanza utotoni. Nguo za mikono mirefu zenye kitambaa kilichoshonana, sketi ndefu au suruali, na kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo ndizo silaha za kwanza, nazo hazihitaji dawa. Shughuli za nje zipangwe kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 alasiri. Mafuta ya kukinga jua yenye alama ya SPF 30 au zaidi yapakwe usoni, masikioni, shingoni, mikononi na penginepo palipo wazi, kisha yarudiwe kila baada ya saa 2 kwa mtu aliye nje; midomo nayo ikingwe. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 akingwe zaidi kwa kivuli na nguo. Katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, mafuta ya aina hii yamekuwa yakitengenezwa mahususi kwa watu wenye ualbino, jambo linaloonyesha kwamba kinga inaweza kuzalishwa hapahapa nchini.

Ngozi yote ikaguliwe na mtaalamu angalau kila baada ya miezi 6 hadi 12. Baka gumu lenye magamba, uvimbe unaokua, au kidonda ambacho hakijapona kwa wiki 4 si jambo la kusubiri. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa na uvimbe mkubwa, baada ya kidonda kidogo kufungwa bandeji kwa miezi mingi. Kidonda kidogo hukatwa kwa upasuaji mfupi na mtu akaenda nyumbani.

Macho pia yanahitaji uangalizi. Melanini inahitajika jicho linapoumbika tumboni. Inapokosekana, sehemu ya retina yenye kuona kwa ukali haikomai, na mishipa ya kupeleka taarifa kwenye ubongo hupangika tofauti. Kwa hiyo mboni huchezacheza, mwanga huumiza, na maandishi ya ubaoni hayasomeki kwa mbali. Miwani husaidia kwa kiasi lakini haimalizi tatizo. Mtoto akae mstari wa mbele, mbali na mwanga wa dirisha, apewe maandishi makubwa na muda wa ziada. Uwezo wa akili yake ni wa kawaida. Anayefeli kwa sababu hakuona ubao hakufeli kwa sababu ya ualbino, bali kwa sababu ya mahali alipokalishwa.

Kambale anapotengwa

Mwaka 2015 watafiti wa Jamhuri ya Cheki walichapisha uchunguzi kuhusu kambale wa Ulaya, Silurus glanis. Walimweka kambale mmoja mweupe katika kundi la kambale wenye rangi na kupima umbali kati yao. Kambale mweupe alitengwa: alikuwa mbali na wenzake kuliko wao walivyokuwa wao kwa wao. Maelezo yanayotolewa ni kwamba samaki anayeonekana tofauti huvuta macho ya adui, na kuwa karibu naye ni hatari.

Uchunguzi huu unaweza kutumiwa vibaya na mtu anayetaka kusema kwamba kutenga ni maumbile. Lakini samaki hana njia ya kujua kwamba yeye mwenyewe anaweza kuwa mbebaji wa jeni ileile. Binadamu anayo. Mtu anayemkwepa jirani mwenye ualbino huenda naye, kwa hesabu ya 1 kati ya 19, amebeba nakala hiyohiyo katika mwili wake na amewapa watoto wake. Tanzania imeshuhudia, hasa tangu miaka ya 2000, watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba miili yao ina nguvu za utajiri. Hakuna kitu katika mfupa, nywele au damu ya mtu mwenye ualbino ambacho hakimo katika mwili wa mtu mwingine. Tofauti pekee ni kiasi cha melanini.

Mazungumzo ya wodini

Mtoa huduma anaweza kuyafupisha yote haya kwa lugha ambayo familia itaikumbuka. Inafaa baba na mama wawepo pamoja, na ikiwezekana bibi pia, kwa kuwa mara nyingi neno la bibi ndilo linalofuatwa nyumbani. Maneno ya kwanza yawe ya pongezi, kama kwa mtoto mwingine yeyote. Kisha mambo manne yasemwe waziwazi.

La kwanza: mtoto huyu amepokea nakala moja kwa mama na nakala moja kwa baba. Isipokuwa kwa nadra sana, hawezi kuwa hivi bila mchango wa baba yake mzazi. Basi rangi yake si dalili kwamba mama amekosa uaminifu. La pili: hakuna mzazi aliyefanya kosa, na hakuna kilicholiwa, kilichoonwa wala kilichotendwa kilicholeta hali hii. La tatu: mtoto ana akili na maisha ya kawaida, ila ngozi na macho yake yanahitaji kinga kuanzia leo. La nne: katika kila ujauzito ujao uwezekano ni 1 kati ya 4, na uamuzi kuhusu uzazi ni wa wazazi wenyewe.

Lugha nayo ni sehemu ya tiba. Atumie "mtoto mwenye ualbino", si "zeruzeru", na aisahihishe lugha hiyo kwa upole pale ndugu wanapoitumia. Familia isipoelewa habari ya jeni, ielezwe habari ya kambale: wazazi wawili weusi, wote wazima, mayai 200 katika kioo, na weupe 50 ambao kila mmoja ni mtoto wa baba yake na wa mama yake.

Kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani, tarehe ya kliniki ya ngozi na ya macho iandikwe katika kadi ya mtoto, na kofia yake ya kwanza itafutwe siku hiyohiyo. Atakapotoka mlangoni, jua litakuwa linamsubiri.